Umechoka na Nini? Mjadala wa Safari ya Desemba

Kikoba chetu cha Tabata kina watu 11. Kila Jumamosi tunakutana kibarazani kwa Mama Lishe, tunanunua hisa, tunapokea marejesho, na tangu Januari kila mmoja wetu amekuwa akiweka elfu kumi pembeni kwa ajili ya safari. Fedha hiyo haikukopwa na mtu, hata pale ada za shule zilipotubana koo. Ilipofika Oktoba tukasema basi, leo tuamue: Desemba tunakwenda wapi?

Mimi ndiye katibu. Nilidhani nitaandika jina la mahali, tarehe na nauli, tunywe kahawa, tuagane. Tulikaa kuanzia alasiri mpaka adhana ya isha, na daftari likajaa. Yaliyosemwa nayaleta hapa karibu kama yalivyosemwa. Majina ya watu nimeyaacha. Wengi nawaita kwa kazi zao, maana kazi ya mtu, kama mtakavyoona, ndiyo iliyokuwa inazungumza.

Kijana alianza. Yuko mwaka wa pili chuoni na simu alishaiandaa mkononi.

KIJANA: Shikamooni wakubwa. Mimi nasema Zanzibar. Boti ni saa mbili hivi, mmeshafika. Jioni Forodhani: urojo, mishkaki, juisi ya miwa inakamuliwa unaiona. Kesho yake Nungwi au Paje. Tazameni wenyewe, mchanga mweupe kama unga wa sembe.

NESI: Mwanangu, Desemba kule si watu wamejaa?

KIJANA: Hao watu ndio ninaowafuata, mama. Mimi naishi na bibi. Saa mbili usiku taa zimezimwa, redio imezimwa, nasikia saa ya ukutani tu. Nataka mahali ambapo saa tano za usiku watu bado wanacheka.

MWALIMU: Sema kweli, unataka picha za kurusha.

KIJANA: Nazitaka, Mwalimu, na naomba usinidharau kwa hilo. Bibi yangu ana miaka 78. Katika maisha yake yote nimeiona picha yake moja, ya kitambulisho cha mpiga kura, na macho ameyatoa kama mtu aliyeshtuliwa. Hakuna picha hata moja inayomwonyesha akicheka. Mimi nikipiga yangu nikiwa baharini, wajukuu zangu watajua kwamba na sisi tulipumzika.

Kibaraza kizima kilinyamaza. Nami nimewahi kuwasema vijana kwa picha zao, na sitawasema tena.

Simu ile ilizunguka mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Binamu. Huyu amekuja kututembelea kutoka Maskati, alikohamia tangu akiwa mdogo. Mama yake ni mtu wa Jambiani. Aliitazama picha moja kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Ilikuwa picha ya maji yaliyokupwa, mchanga wenye unyevu hadi upeo wa macho, na vijiti vidogo kwa mbali.

BINAMU: Hii aliyeipiga ameipenda kwa sababu ni uwazi, hapana mtu. Mama yangu angeitazama angesema, hilo ni shamba. Hivi vijiti ni vya mwani. Kilimo chake kilianza kwetu mwaka 1989. Vijiti vinakitwa mistari, kamba zinavutwa kati yake, na kila kipande cha mwani kinafungwa kwenye kamba kwa mkono. Wanawake wanaingia maji yakipwa, wanainama mpaka yakianza kujaa. Ukimwambia mama twende ufukweni tukapumzike, atakuuliza una wazimu gani. Ufukweni ndiko anakotoka kazini.

KIJANA: Kwa hiyo nisiende?

BINAMU: Nenda, bwana mdogo. Ninachosema ni kwamba bahari ni moja, lakini kila mtu anaifikia na mwili wake.

Neno hilo nililipigia mstari, ingawa wakati ule sikujua litatupeleka wapi.

Dereva alikuwa amekaa kimya akimenya karanga. Miaka 16 sasa anaendesha magari ya watalii kaskazini, na msimu ukipungua anarudi Dar kwa familia. Tulimtegemea atupe Serengeti.

DEREVA: Nitawaambia nilichokiona, halafu mtaamua. Mgeni aliyekulia nchi isiyo na simba, siku ya kwanza akimwona simba, analia. Nimeona mwanamume mzima anafuta machozi kwa kofia. Siku nyingine nilimchukua mzee mmoja mfugaji na wanawe, walitaka kuitembelea mbuga kama wageni. Tukamkuta simba kivulini, karibu kabisa. Mzee akaniambia, twende, huyo namfahamu. Tulipofika kwenye nyanda za kusini, zile za nyasi fupi ambako nyumbu wanazalia kama mwezi wa pili, akaniomba nizime gari. Alizitazama zile nyasi dirishani nusu saa. Akawa ananiuliza udongo wake ni wa namna gani. Nikamwambia una majivu ya volkano, ndiyo maana nyasi zina nguvu, na nyumbu zaidi ya milioni moja wanazijua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa siri. Mpaka leo sijapata mgeni aliyeiona Serengeti vizuri kama yule mzee, na simba alimpita.

MWALIMU: Basi tupeleke huko.

DEREVA: Mimi nikiona tembo naona zamu, Mwalimu. Masikio yangu yanasikiliza injini, macho yanatafuta tope. Nipelekeni popote ambapo kiti changu kitakuwa cha nyuma.

KIJANA: Hata hivyo mbuga ni za wazungu. Sisi hatuwezi bei.

DEREVA: Hapo nakukatalia kabisa. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hakifiki hata sehemu ya kumi ya anacholipa mtu aliyetoka nje. Kinachotushinda ni gari na malazi. Na hata hilo lina njia: treni ya umeme tangu 2024 inatufikisha Morogoro, na kutoka hapo Mikumi si mbali, barabara kuu ya Iringa inaikata mbuga katikati, abiria wa basi anaona twiga kabla hajalipa senti. Mnajua kinachoharibu safari zetu? Choo. Nimebeba wazee waliokataa kunywa maji kutwa nzima kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Mtu wa namna hiyo hata umpeleke peponi hatapaona.

Hilo la choo lilipita haraka kwa sababu watu waliona haya, nami nalirudisha hapa makusudi. Matangazo ya mahali yanatuonyesha jua likizama. Mama mwenye kisukari anataka kujua choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, na kama ni cha kukaa. Ukimjibu hilo kwanza, utamwona anavyolifurahia hilo jua.

Mwalimu anafundisha historia sekondari. Alisimama, kama kawaida yake.

MWALIMU: Mimi nitawapeleka Kilwa Kisiwani. Ngojeni, msikunje nyuso. Unatoka Kilwa Masoko na mashua, muda mfupi tu, unashuka mahali alipopita Ibn Battuta mwaka 1331. Alikuwa ametembea nusu ya dunia, na mji ule akausifia. Kuna Msikiti Mkuu, kuba zake nyingine bado zimesimama. Kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya jabali, bahari chini yake. Mji ule ulikuwa unapiga sarafu zake wenyewe! UNESCO iliiandika Kilwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka uleule wa Serengeti. Sasa niambieni, katika watu 11 hapa, ni nani amefika?

Hakuna aliyenyoosha mkono.

MWALIMU: Mnaona. Mimi kutwa nzima nasimama mbele ya watoto 70 nikiwaambia habari za vitu ambavyo sijavigusa. Nachora msikiti ubaoni kwa chaki. Nataka siku moja niweke kiganja changu kwenye lile jiwe la matumbawe, nikirudi darasani niwaambie, nimeligusa.

NESI: Umenigusa mimi, Mwalimu. Lakini mawe hayatanilaza usingizi.

MWALIMU: Watu tumetofautiana, dada. Kulikuwa na mtafiti Mmarekani, Stanley Plog, ambaye mashirika ya ndege yalimwendea yakitaka kujua kwa nini watu fulani hawapandi ndege. Mwaka 1974 akaandika kwamba wasafiri wamepangana kama mstari. Upande mmoja wako wanaotaka kule wanakokwenda pafanane na nyumbani: chakula wanachokijua, njia iliyokanyagwa, watu wa kwao pembeni. Upande wa pili wako wanaotaka mahali ambapo hajafika mtu. Walio wengi wako katikati. Na mahali pageni hugunduliwa kwanza na hao wa pili. Wakishapavumisha wanakuja wa katikati, hoteli zinajengwa, na wale wagunduzi wanahama.

BINAMU: Nungwi hiyo. Zamani ilikuwa kijiji cha wavuvi na mafundi wa kuunda majahazi. Majahazi bado wanaunda, lakini sasa umekizunguka ukuta wa hoteli.

DEREVA: Na mimi wageni wangu nawajua hivyohivyo, bila kitabu. Yuko anayebeba mkebe wa kahawa ya kwao. Yuko anayeniambia, leo nipeleke unakokula wewe.

Nimemfikiria sana huyo Plog tangu siku ile. Mstari wake una ukweli, ila unampanga mtu kama vile amezaliwa hivyo na atakufa hivyo. Nesi wetu, miaka 20 iliyopita, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata tiketi ya boti kila Februari kwenda Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na alikuwa akicheza mpaka wapiga ngoma wachoke. Sasa anataka usingizi. Tabia yake ni ileile, kicheko chake ni kilekile. Kilichobadilika ni uchovu wake. Ndipo nilipoanza kuona kwamba pale kibarazani hatukuwa tunabishana juu ya mahali. Kila mmoja alikuwa anatutajia kitu ambacho maisha yake ya kila siku yamemnyima, na anakipa jina la mji.

Fundi ndiye aliyelithibitisha hilo, halafu mkewe akalipindua.

Fundi ni muashi. Ni mtu wa Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro, na Wachaga mnawajua kwa Desemba: mabasi ya kaskazini yanajaa wiki kadhaa kabla, na mitaa mingine ya Dar inabaki na walinzi.

FUNDI: Nyinyi mnatafuta, mimi sitafuti. Desemba ni nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, unatoka uani, Kibo iko wazi mbele yako. Mita 5,895, na inaonekana kama imekaa nyuma ya migomba ya mama. Mfereji unapita unausikia. Jioni mbege inazunguka, kata moja, kila mtu anakunywa anampa mwenzake. Kaburi la baba liko pale kihambani, nalipalilia kwa mikono yangu. Na kuna jambo jingine. Hapa mjini mwaka mzima naitwa fundi. Fundi, sogeza ngazi. Fundi, mbona hujamaliza? Nikishuka kwenye basi kule, naitwa kwa jina nililopewa na bibi yangu. Hakuna ufukwe wa kunipa hilo. Mama watoto ni shahidi.

Sote tukamgeukia mkewe. Mama Lishe alikuwa na birika mkononi. Ndiye mwenye kibaraza, ni mwanachama kama sisi, hisa zake ni nyingi kuliko zangu, na tangu alasiri alikuwa hajasema neno. Aliliweka birika chini taratibu.

MAMA LISHE: Mnaniruhusu niongee?

Tukasema, karibu mama.

MAMA LISHE: Baba watoto, sikukatalii. Mama yako ni mama yangu. Lakini mimi Desemba za miaka 14 nimekwenda Rombo. Nikifika nateremsha mkoba, natoa kanga, naingia jikoni. Mtori wa wazee. Machalari ya wageni. Maji ya kuoga ya watoto. Chai ya aliyeamka mapema na chai ya aliyechelewa. Siku ya Krismasi ni watu 40. Wewe mlima unauona umesimama uani, kata iko mkononi. Mimi nauona kutoka mlango wa jiko, macho yamejaa moshi wa kuni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mke aliyeolewa kule hana hata hizo siku mbili.

FUNDI: Lakini unacheka na wenzako huko jikoni…

MAMA LISHE: Nacheka. Hata kazini nacheka. Na kazi yangu hapa ni ipi? Saa tisa usiku nawasha mkaa. Nakanda chapati, naweka maharage, nachemsha supu, saa kumi na moja wateja wa kwanza wameshakaa kwenye benchi. Saa nane mchana nasugua masufuria kwa majivu. Kucha zangu hizi hapa. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufunga mapema, nanyi mnakuja kikoba. Kahawa mnayokunywa tangu alasiri, nani ameichemsha?

Nilikitazama kikombe changu. Kilikuwa cha tatu.

DEREVA: Shemeji, wewe unataka kwenda wapi?

MAMA LISHE: Sijui jina la mahali. Msiniulize bahari au mlima. Nataka popote ambapo nitakuwa nimekaa, na mtu anakuja ananiambia, karibu chakula. Nataka nile kitu ambacho sijui kimepikwaje. Nataka niamke jua limetoka na nisione aibu.

FUNDI: Mama watoto, miaka yote hiyo mbona hukusema?

MAMA LISHE: Hukuuliza. Uliniuliza tunaondoka lini.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito. Nchi yetu imejitangaza sana. Mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia mwenyewe alionyesha vivutio vyetu, na mwaka 2023 watalii wa kimataifa walifika milioni 1.8. Nafurahia namba hiyo, na Dereva anakula kwayo. Lakini tumejifunza kuhesabu uzuri wa mahali kwa vilivyomo: wanyama, mchanga, magofu, theluji. Tumesahau kumhesabu anayekwenda. Neno pumzika ni ndugu wa neno pumzi; mtu anapumzika anapopata kuvuta pumzi ambayo kwa siku nyingine hana nafasi ya kuivuta. Fundi pumzi yake iko Rombo, na mahali hapohapo, siku hizohizo, mkewe anazibwa yake. Ua ni mmoja, mlima ni mmoja, na safari ni mbili. Familia ngapi zinarudi Januari baba anasema tumepumzika vizuri, na mama anajinyoosha mgongo bila kujibu?

Sisemi watu wasiende kwao. Nasema mwanamke anayepikia watu 40 yuko kazini, na tusiiandike kazi yake kwenye safu ya mapumziko.

Baada ya hapo mjadala ulibadilika sauti. Hakuna aliyesifia tena mahali kwa kupaza sauti. Nesi, ambaye anafanya kazi wodi ya wazazi, ndiye aliyefuata.

NESI: Mimi nilikuwa na langu, na sasa naona linaingiliana na la Mama Lishe. Ninapotoka zamu ya usiku ni saa mbili asubuhi. Nikifika nyumbani jirani amefungua spika, jua limeshaingia, bati linashusha joto kama tanuri. Nalala kwa vipande. Hata nikisinzia, nasikia mtoto analia, naamka kutafuta glavu. Miaka kadhaa nyuma nilipelekwa Lushoto kwenye semina. Mombo kunachoma kama hapa. Mnaanza kupanda, kona kwa kona, kilomita kama 33, na katikati ya njia abiria mmoja baada ya mwingine anafunga dirisha. Mnapita Soni, wanawake wamekaa kando ya barabara na ndoo ndogo za peasi na plamu, wamejitanda mashuka. Usiku nilijifunika blanketi mbili. Sikusikia kitu. Nililala saa kumi mfululizo, nikaamka nikidhani nimeugua.

KIJANA: Kuna nini cha kuona huko?

NESI: Kuna Irente. Unasimama kwenye ukingo wa jabali, chini kabisa unaona nyika, barabara kama uzi. Kuna msitu wa Magamba. Ila mimi sikwambii uende kuona. Nakwambia kuna baridi na kimya, na wenyeji wanapika.

KIJANA: Kulipa hela twende tukasikie baridi!

Binamu akacheka.

BINAMU: Usicheke baridi, bwana mdogo, nami nikupe kisa cha kwetu. Maskati wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40, unafungua mlango kama umefungua tanuri. Sasa kule kusini, Dhofar, kuna mji wa Salalah. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unauletea ukungu na manyunyu, milima inageuka kijani. Msimu huo wanauita kharif. Watu wanaendesha gari kilomita karibu 1,000, wengine wanatoka nchi nyingine za Ghuba, kwenda kunyeshewa. Si mvua kubwa, ni rasharasha. Unaona familia imetandika mkeka kwenye majani mabichi, chupa ya chai katikati, watoto wameinua nyuso juu, manyunyu yanawadondokea, na hakuna anayekimbilia gari.

FUNDI: Sisi hapa mvua ikinyesha tunahamisha magodoro.

BINAMU: Ndiyo hivyo. Na kando ya barabara za Salalah kuna vibanda vinauza madafu na ndizi. Watu wa Maskati wanapiga picha na madafu. Mwaka wa kwanza tulipokwenda, mama yangu alishuka garini, akashika dafu kwa mikono miwili, akalia. Wenzetu wote pale walikuwa wamefuata kitu kigeni. Yeye alikuwa amefika Jambiani bila ya mwani. Dafu lile, kibanda kile, bei ileile.

Mwalimu, ambaye nilijua hataachia Kilwa kirahisi, alikaa chini.

MWALIMU: Lushoto nayo ina habari yake. Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Walipanda kule kulikimbia joto la pwani, kama Nesi anavyolikimbia sasa. Majengo yao mengine yapo. Nitapata jiwe la kugusa, japo si lile ninalolitaka.

DEREVA: Na kosta tukodi na dereva wake. Hilo naomba liandikwe.

KIJANA: Mimi bado nasema Zanzibar.

NESI: Pasaka, mwanangu. Nakuahidi mbele ya katibu.

Kijana hakuridhika, na sitajifanya kwamba aliridhika. Ana miaka 21 na anataka kelele za furaha. Tunampeleka mlimani na watu wa blanketi. Katika watu 11, safari moja haiwezi kuwatosha wote, na anayeahidi hivyo anauza maneno. Tulichoweza ni kuulizana nani amekaa na uchovu wake muda mrefu zaidi bila kuulizwa. Kwa kura 8, jibu lilikuwa Mama Lishe.

Fundi alikuwa bado ameinamia mikono yake. Tulidhani amekasirika.

FUNDI: Barabara ya Moshi si inapita Mombo?

DEREVA: Inapita. Wanaokwenda Lushoto wanakunja kupanda, anayekwenda Moshi ananyoosha, Same, Mwanga, mpaka kwenu.

FUNDI: Basi mimi na watoto mtatushusha Mombo, tupande basi. Nikamwone mama, nipalilie kaburi, watoto wamwone bibi yao. Mtakaposhuka siku ya tano mtatukuta hapohapo Mombo.

MAMA LISHE: Na mtori wa mama nani atapika?

FUNDI: Ndizi namenya, nyama nachemsha. Nitakosea, atanielekeza.

MAMA LISHE: Watakuuliza mkeo yuko wapi.

FUNDI: Nitawaambia amepumzika.

Adhana ya isha ilikuwa inamalizika. Nesi alisimama, akakusanya vikombe vyote 12 pamoja na cha Binamu, akaenda navyo bombani, na Mama Lishe alipotaka kunyanyuka Mwalimu akamwambia, kaa dada.

Wewe unayesoma haya huku ukipanga Desemba yako, kabla hujalipia chumba wala tiketi, mgeukie anayekupikia, au anayekufulia, au mzee anayejizuia kunywa maji, umuulize amechoka na nini. Halafu nyamaza amalize kujibu.

Kwenye daftari la kikoba, chini ya tarehe ya siku ile, imeandikwa hivi: Lushoto, usiku 4. Kosta na dereva wa kukodi. Vyumba vyenye choo ndani. Chakula cha wote, asubuhi, mchana na jioni, kitapikwa na wenyeji na kimelipiwa.